Nani Ameshika Simu? Kisa cha Mguu Uliofunikwa kwa Kitenge

Kuhusu kisa hiki

Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika hospitali moja ya Moshi mjini. Siku nyingi kazi yangu ni misamaha ya wazee wasiomudu gharama, wagonjwa walioletwa wakaachwa, na ndugu wanaogombana juu ya nani alipe. Julai hiyo niliitwa kwa jambo la aina nyingine. Kliniki ya kisukari ilikuwa na mgonjwa ambaye kwenye taarifa ya tiba mtandao alionekana mfano wa kuigwa: simu 3 kati ya 3 alipokea, sukari yake ilisomeka vizuri, na hakuwahi kulalamika. Mgonjwa huyohuyo alifika mapokezi amebebwa mgongoni, ana homa, na mguu unanuka kiasi cha mlinzi wa getini kusogea pembeni. Swali nililopewa lilikuwa fupi: mtandao ulikosea wapi?

Nilizungumza na watu saba, nikaenda nyumbani kwao mara mbili, nikasoma daftari la sukari na jumbe zote za simu. Mgonjwa na familia yake wameruhusu kisa kitumike kufundishia. Majina nimeyaacha, umri na tarehe nimezisogeza kidogo, na kijiji nakiita "juu" tu, kama wenyewe wanavyosema wakiwa mjini. Bibi ndiye aliyesisitiza hilo la kijiji. "Huku kila mtu ni shemeji ya mtu," aliniambia.

Usuli

Bibi ana miaka 70 na kitu, ni mjane, na amekaa na kisukari miaka 9. Anaishi kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, la marehemu mumewe, Moshi Vijijini, katikati ya migomba na mibuni iliyozeeka. Kwa desturi ya Wachagga nyumba ya wazazi humwangukia mtoto wa mwisho wa kiume. Huyo wa kwao anafanya kazi Arusha na hurudi mara mojamoja, kwa hiyo anayeishi na Bibi kila siku ni mkamwana wake pamoja na mjukuu wa kidato cha pili. Binti mkubwa yuko Dar es Salaam. Ndiye anayetuma hela ya dawa, na anayetuma hela ya dawa neno lake husikika hata akiwa mbali.

Mjini si mbali. Kiangazi, ukipata gari, ni dakika 40. Masika ni habari nyingine: barabara ya udongo inateleza, Hiace zinaishia chini, na mzee inabidi apande bodaboda huku ameshikilia mwavuli. Kila mwaka kati ya Machi na Mei viti vya kliniki vilikuwa vinabaki wazi, na wagonjwa wakirudi mwezi wa sita wanarudi na sukari iliyopanda. Ndiyo maana hospitali ilianzisha utaratibu mpya. Mgonjwa ambaye sukari yake imetulia ataonwa kwa simu ya video kila mwisho wa mwezi, na atakuja mwenyewe kila baada ya miezi mitatu au minne kulingana na nafasi. Mimi niliunga mkono wazo hilo kikaoni, na bado naliunga mkono. Msomaji alikumbuke hilo atakapofika kwenye lawama.

Siku ya kuandikishwa, mwezi wa tatu, Bibi alikuja na binti yake aliyekuwa likizo. Karani akauliza namba ya simu, binti akataja yake. Fomu ilikuwa na nafasi ya namba moja, ikajazwa, wakaondoka.

Kumbe nyumba ile ilikuwa na simu tatu zilizohusika. Ya kwanza ni hiyo ya binti, iliyo Dar, inayopokea kila ujumbe wa kliniki. Ya pili ni simu janja ya mjukuu, yenye kioo kilichopasuka kona, ndiyo iliyotumika kwa video. Ya tatu ni kitochi cha Bibi mwenyewe, anachokifunga kwenye pindo la khanga na kukipokea hata akiwa shambani. Namba ya kitochi hakuna aliyeiuliza.

Yaliyotokea

Simu ya kwanza ilikuja mwisho wa Aprili. Mkamwana alinisimulia akicheka maandalizi yalivyokuwa. Sebule ilifagiliwa, vitambaa vya makochi vikabadilishwa, Bibi akavaa kitenge cha sikukuu na kilemba. Mjukuu akashika simu. Binti wa Dar naye aliunganishwa, kwa hiyo kwenye kioo palikuwa na sura tatu. Nyuma ya kochi walisimama jirani wawili waliokuja kuona daktari wa kwenye simu anafananaje.

Daktari ni kijana, na ana adabu. Akaanza, "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mwanangu." "Unajisikiaje?" "Sijambo, namshukuru Mungu." Mjukuu akasoma sukari kwenye daftari, daktari akauliza kama dawa zipo, binti akajibu kutoka Dar kwamba zipo. Dakika saba zikaisha. Mwezi wa tano ikawa hivyohivyo, ila mtandao ulikatika mara mbili, na binti ndiye aliyemalizia maongezi kwa niaba ya mama yake.

Vijiti vya mashine ya sukari viliisha kabla Aprili haijakwisha. Familia hununua yenyewe dukani, na mjukuu alimwandikia shangazi yake ujumbe kuomba. Akajibiwa asubiri mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulipofika zilikuja hela za dawa tu. Kijana akaanza kujaza daftari kwa kukadiria. Nililiona hilo daftari: 8.1, 7.9, 8.4, halafu tena 8.1. Kurasa mbili nzima zina wino uleule na mwandiko usiobadilika, kama mtu aliyeandika kwa mkao mmoja. Nilipomuuliza hakubisha. "Nilijua shangazi atauliza," alisema.

Mwanzoni mwa Juni baridi ilishuka. Huku juu mwezi wa sita na wa saba ukungu unaweza kukaa mpaka saa nne asubuhi, na wazee huhamia jikoni kwenye mafiga. Jioni moja Bibi alikuwa amekaa anamenya ndizi, miguu ameielekeza motoni. Mkamwana aliingia kwa sababu alisikia harufu ya mpira unaoungua. Kandambili ya mguu wa kushoto ilikuwa imeanza kuyeyuka pembeni, na Bibi alikuwa macho, kisu mkononi, anaendelea kumenya. Hakuhisi kitu. Miaka tisa ya sukari ilikuwa imezitia ganzi nyayo zake, na yeye hakujua kwamba ganzi hiyo ni sehemu ya ugonjwa.

Lengelenge likapasuka, likawa kidonda ubavuni mwa mguu karibu na kidole cha mwisho. Mkamwana alikiosha kwa maji ya chumvi, akafungua kapsuli za rangi mbili na kunyunyizia ule unga, kama wanavyofanya wengi. Kwa juu kikakauka.

Simu ya mwisho wa Juni ilikuta kidonda kina wiki tatu. Bibi alikaa kochi lilelile. Kitenge kilishuka mpaka sakafuni, na safari hii mkamwana alikuwa amemwekea blanketi jembamba juu ya miguu. "Sijambo, namshukuru Mungu." Daktari akaandika: hali imara, aendelee na dawa.

Aliyegundua ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mama anayesali nao jumuiya moja. Walikuwa wamekaa kwa ajili ya rozari kwenye chumba kidogo, madirisha yamefungwa kwa baridi, na akasikia harufu aliyoijua. Hakusema kitu mbele za watu. Alirudi usiku, akamsihi mkamwana, wakafungua kidonda jikoni. Akapiga picha moja huku mjukuu akimulika kwa tochi, akaituma WhatsApp kwenye namba ya kliniki. Hiyo ilikuwa Julai 8.

Daktari wa zamu, ambaye si yule wa kila mwezi, alijibu baada ya saa mbili: kioshwe kila siku, aanze dawa za kuua vijidudu alizoziandika, na aje siku yake ya kliniki tarehe 22. Ujumbe huo ulikwenda kwenye namba iliyoandikishwa, yaani Dar. Binti akapiga simu nyumbani kwa ukali akitaka kujua mama ameunguaje. Dawa zikanunuliwa siku ya tatu.

Tarehe 14 yule mhudumu hakuridhika tena. Akampeleka Bibi zahanati kwa bodaboda. Nesi wa zahanati alifungua bendeji na mara moja akafungua na dirisha. Aliminya pembeni ya kidonda, usaha ukatoka. Akaingiza kifaa chembamba kisafi ndani ya kijishimo, kikagota kwenye kitu kigumu. Mashine yake ya sukari ilisoma 22.6, na homa ilikuwa 38.4. Hakupiga picha. Alipiga simu ya kawaida, ya sauti, kwa daktari aliyemfahamu tangu alipokuwa mafunzoni hospitalini.

"Daktari, nisikilize, usisubiri picha. Huu mguu unanuka na nimegusa mfupa. Namleta."

Ikapatikana pikapu ya jirani. Kutoka getini mpaka mapokezi mjukuu akambeba bibi yake mgongoni.

Matokeo

Bibi alikaa wodini siku 19. Alikatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto. Daktari wa upasuaji aliniambia kwamba wiki moja zaidi wangekuwa wanazungumzia goti. Sasa anatembea na fimbo na ameanzishiwa sindano za insulini. Utaratibu wake wa kuonwa ulibadilishwa kabisa, nitaueleza mbele.

Kuna tokeo jingine lisiloandikwa kwenye faili. Binti alipotaka michango ya matibabu aliichukua ile picha ya mguu akaiweka kwenye grupu la ukoo lenye watu 41, pamoja na namba ya kutumia hela. Michango ilikuja haraka. Desemba, ukoo ulipopanda nyumbani kwa Krismasi kama kawaida ya Wachagga, mpwa mmoja kutoka Mwanza alimwamkia Bibi huku macho yakiwa chini. "Afadhali umepona, ule mguu ulikuwa mbaya." Bibi akauliza ameuonea wapi. Mkamwana anasema siku hiyo Bibi hakurudi tena sebuleni, na chakula alipelekewa chumbani.

Daktari wa zamu aliona nini

Ni rahisi kumhukumu daktari wa tarehe 8, na mimi nilikwenda kwake nikiwa nimeshamhukumu nusu. Akanifungulia picha. Kweli, ukiiangalia unaona kidonda cha ukubwa wa shilingi, chenye kingo safi. Tochi imemulika kwa karibu, ngozi inang'aa, kila kitu kinaonekana kikavu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa uvimbe hauonekani kama ule wa kwenye vitabu. Mara nyingi ni weusi uliozidi kidogo, au mng'ao wa ngozi iliyovutika, na kamera ya simu hujirekebishia mwanga mpaka tofauti hiyo inapotea. Kando ya picha alikuwa na rekodi ya miezi mitatu ya sukari iliyotulia na maneno "hali imara" mara tatu. Wodi ilikuwa imejaa. Kwa alichokuwa nacho mkononi, uamuzi wake ulikuwa na mantiki.

Shida ni kwamba karibu kila alichokuwa nacho mkononi kilikuwa kimetengenezwa na familia kwa ajili ya kuonwa. Sukari ilitoka kwenye makadirio ya mjukuu, uimara ulitoka kwenye salamu, na picha haina harufu wala joto.

Vipimo vinavyookoa mguu wa mgonjwa wa kisukari ni vya mkono. Unagusa wayo kwa uzi wa nailoni kuona kama anahisi, unatafuta mapigo ya damu juu ya mguu, unachunguza kidonda kama kimefika mfupani. Hakuna hata kimoja kinachopita kwenye kioo. Vyote vinawezekana kwa umbali iwapo upande wa pili kuna mtu mwenye ujuzi wa kukigusa kile ambacho daktari hakifikii.

Niseme na hili, kwa haki. Nilikaa siku moja kwenye kliniki ya ana kwa ana kuhesabu ni wagonjwa wangapi wanavuliwa viatu. Walikuwa wachache kuliko nilivyotarajia. Foleni ndefu nayo ni aina ya umbali, hata mgonjwa akiwa amekaa mbele yako. Lakini foleni ina mlango wake wa nyuma: nesi wa mizani anayemwona mzee anachechemea, au mgonjwa mwenzake wa benchi anayesema, "Bibi, huo mguu vipi?" Simu ya video iliondoa benchi, na hakuna aliyefikiria kwamba benchi lilikuwa linafanya kazi.

"Sijambo" ni salamu

Kila Mswahili anajua kwamba mtu anaweza kusema "sijambo" huku amelala hoi. Salamu ina zamu zake. Kwanza unasema uko salama, unamshukuru Mungu, unauliza watoto, halafu baada ya kimya kidogo ndipo linakuja "ila sasa..." Kliniki ya ana kwa ana ina nafasi ya hicho kimya: daktari anaandika, anatafuta karatasi, mgonjwa anajikohoza na kusema lililomleta. Kwenye simu ya video kimya kinatisha. Watu wanadhani mtandao umekatika, wanasema "haloo, haloo", au mtu mwingine anakijaza. Nilisikiliza simu moja ya mgonjwa mwingine, kwa ruhusa yake, nikahesabu. Kati ya "sijambo" na swali la pili la daktari hazikupita sekunde mbili.

Na hata kama kimya kingekuwepo, Bibi angesema mbele ya nani? Nilimuuliza kwa nini hakuonyesha mguu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Nimfunulie mguu kijana wa watu, mjukuu ameshika simu, majirani nyuma yangu?" Akatulia, kisha akaongeza lile lililonifungua macho. "Na Dar wangesikia. Wangesema mke wa mwanangu hanitunzi."

Hapo ndipo kisa kilipo. Kidonda kilikuwa na maana mbili. Kwa kliniki kilikuwa dalili. Kwa nyumba ile kilikuwa ushahidi dhidi ya mkamwana, katika kesi ya muda mrefu kati ya anayetunza kwa mikono na anayetunza kwa kutuma hela. Binti alikuwa ameshasema mara kadhaa kwamba mama ahamie Dar, na Bibi hataki kufa mbali na kaburi la mumewe. Kunyamaza kulimlinda mkamwana, kukamlinda na yeye mwenyewe. Blanketi la mwezi wa sita waliliweka wote wawili kwa makubaliano ambayo hayakuhitaji maneno.

Mwanaanthropolojia John Janzen, katika utafiti wake wa Kongo aliouchapisha mwaka 1978, alionyesha kwamba mgonjwa mara nyingi haamui peke yake. Kuna kundi la ndugu linalosimamia uponyaji wake, linaloamua aende wapi na alipe nani. Kwa msomaji wa huku hilo ni kama kuambiwa maji yanalowesha. Ila mfumo wetu wa tiba mtandao, wenye nafasi moja ya namba ya simu, ulijengwa kana kwamba mgonjwa ni mtu mmoja na kifaa kimoja. Kundi la ndugu likajiingiza lenyewe, bila utaratibu, na mwenye hela akapata kiti cha mbele. Mwenye taarifa, yaani mkamwana anayeosha kidonda, hakuulizwa swali hata moja katika simu zote tatu.

"Mimi niliungua"

Nilidhani aibu na siasa za ukoo zinatosha kueleza kila kitu. Bibi akanisahihisha mara ya pili nilipokwenda. Alikuwa anaanika maharage. "Tena yule daktari ni wa sukari," alisema. "Mimi niliungua."

Kwa Bibi, sukari iko kwenye damu, inapimwa kidoleni na kunywewa dawa. Moto uko jikoni. Kidonda cha moto unakitibu kama kidonda cha moto, na kumpelekea daktari wa sukari ni sawa na kumpelekea fundi cherehani baiskeli. Arthur Kleinman, daktari wa akili na mwanaanthropolojia wa Marekani, tangu miaka ya 1970 amekuwa akiwahimiza madaktari wamuulize mgonjwa maswali mepesi: unadhani nini kimesababisha tatizo hili, na unaogopa nini zaidi? Bibi angeulizwa hivyo angejibu moto, na angejibu kuhamishiwa Dar. Majibu hayo mawili yangetosha kumfanya daktari yeyote aombe kuona miguu.

Nasisitiza kwamba Bibi hakuwa mjinga wala mkaidi. Katika miaka tisa ya kliniki alifundishwa asile ugali mwingi na asikose dawa, na hayo aliyashika. Uhusiano kati ya sukari na mguu usiohisi moto hakufundishwa, au alifundishwa kwa namna ambayo haikubaki.

Kilichofanya kazi

Jumuiya ilifanya kazi. Mhudumu wa jamii alikuwa na kitu ambacho mfumo haukuwa nacho: sababu ya kukaa karibu na Bibi bila kumchunguza. Aliona, akaficha aibu ya mwenzake mbele za watu, akarudi usiku. Alipoona jibu la kliniki halilingani na alichokinusa, alipita njia nyingine.

Simu ya sauti ilifanya kazi pia, na inafaa kuulizwa kwa nini simu ya bei rahisi ilishinda video. Ilikuwa kati ya wahudumu wawili wanaoaminiana. Nesi hakumwonyesha daktari kitu ili aamue. Alimpa matokeo ya mikono yake mwenyewe. Eneo hili lina historia ya jambo hilo. AMREF, shirika la afya lililoanzishwa mwaka 1957 kama madaktari wa ndege wa Afrika Mashariki, lilitegemea simu za upepo, yaani redio za mawasiliano, kuunganisha vituo vya mbali. Upande wa pili wa simu ya upepo kwa kawaida alikuwa mhudumu wa kituo, mtu aliyeweza kuambiwa "minya hapa, niambie unaona nini". Simu janja imeturuhusu kumruka huyo mtu, na tukahesabu kumruka kwake kama maendeleo.

Wagonjwa wengine wa utaratibu huu, hasa wale wanaomiliki simu zao na kuongea wenyewe, masika hiyo hawakukosa dawa. Hilo ni faida halisi na sitaki kisa cha Bibi kilifute.

Kilichobadilika na kisichobadilika

Baada ya mapitio tuliamua mambo machache. Kwa wagonjwa wenye zaidi ya miaka 60 simu ya video sasa inafanyikia zahanati, nesi yupo, viatu vinavuliwa kabla ya salamu kwisha. Fomu ina nafasi tatu: namba ya mgonjwa, ya anayeishi naye, na ya anayelipia. Kila moja imeandikwa kando yake nini kitumwe huko. Ujumbe wa matibabu unakwenda kwa anayeishi naye, wa gharama unakwenda kwa anayelipia. Binti wa Dar hakufurahi mwanzoni. Tuliongea naye karibu saa nzima, na nilichokisikia chini ya ukali wake ni hofu ya mtu anayemuuguza mama yake kwa salio la simu. Sasa ananunua vijiti na kuvituma kwa basi.

Swali la kwanza la daktari limebadilishwa pia. Baada ya salamu anatakiwa kuuliza: "Bibi, nani yuko hapo nawe?" na akiona ni wengi, aombe wampishe. Baadhi ya madaktari wanaona ni kupoteza muda.

Suala la picha bado ni bichi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na hospitali imeanza kupokea picha kwa mfumo wake badala ya WhatsApp. Hilo linadhibiti upande wetu. Ile picha ya mguu wa Bibi iko kwenye simu 41 na pengine zaidi, na iliwekwa huko na mtu anayempenda. Sina utaratibu wa kupendekeza kwa hilo. Nilichofanya ni kukaa na binti na mjukuu na kuwaeleza kilichotokea Desemba. Binti aliifuta kwake, akawaomba wengine wafute.

Na kuna nesi. Alhamisi mbili za kila mwezi anasimamia simu za wazee 11 juu ya kazi zake nyingine. Taarifa ya mradi inahesabu simu zilizopokelewa na muda wa maongezi. Hakuna safu ya miguu aliyoikagua. Bando ananunua kwa hela yake, maana intaneti ya zahanati ilikatwa Septemba. Niliandika barua kuomba alipwe posho ya mawasiliano, nikaambatanisha hesabu ya miezi minne. Nimeambiwa iko mezani kwa mhasibu.